Njia ya Wapagazi, Ujiji: shajara ya kuifufua barabara ya zamani

Jumamosi, 8 Juni 2024

Leo tumepima. Ni mita 910 kutoka mwembe wa kona hadi pale barabara inapopotelea kwenye matete ya Ziwa Tanganyika. Tulikuwa wanne: mimi niliyekabidhiwa daftari la kamati, fundi mwashi wa mtaa wetu, na vijana wawili wa sekondari waliokuwa wakivuta futi kamba.

Hatujafika hata mita ya 200, watu wakaanza kutoka majumbani. Mama mmoja alikuja mbio, unga wa muhogo ungali mikononi, akauliza bila hata salamu: "Mnatuwekea X?" Simlaumu. Mtu akionekana barabarani na futi na kopo la rangi, kinachomjia kila mwenye nyumba ni bomoabomoa. Kopo letu lilikuwa la chokaa, la kutia alama kila mita 50. Fundi aliliweka chini, akamwamkia, akamweleza polepole kwamba hakuna ukuta utakaoguswa. Nimeandika kwa kalamu nyekundu: kabla ya kupima tena, tangazo litoke msikitini, kanisani na kwa mwenyekiti wa mtaa, siku mbili kabla.

Kwa asiyeifahamu, hii ni barabara iliyokuwa ikishuka kwenda ziwani. Nilipokuwa mdogo magari yalipita hapa. Kisha kalavati la katikati likaziba, maji yakakosa pa kupita, yakajichimbia njia yao. Magari yakahamia barabara ya juu, na huku pakaachwa. Leo korongo lililo karibu na mita ya 340 linanifika kifuani. Mama yangu ana miaka 74. Mwaka juzi aliteleza humo akavunjika mkono. Tangu siku ile, akienda zahanati huzunguka kwa barabara ya juu, kabanwa kati ya malori na bodaboda, na mwendo unakuwa karibu mara mbili.

Miembe iliyosalia pembeni ni 23. Mmoja wao, ule wa mita ya 450, watu watatu tulishikana mikono kuuzunguka na bado tulipungukiwa. Chini yake, ukifagua majani kwa mguu, unakuta mawe ya ukingo yamepangwa kwa mstari ulionyooka, kila jiwe limelazwa upande wake mpana, yamesuguka hadi yanateleza. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Jumanne, 11 Juni

Mkutano wa mtaa, saa 10 jioni, watu wamejaa hadi nje ya uzio.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyeanza. Aliwaamkia wazee, kisha akasema: "Tunaheshimu mambo ya kale, lakini barabara isiyopitisha chombo itatusaidia nini sisi?" Walikuwepo waliompigia makofi. Akajibiwa na mzee mmoja aliyezidi miaka 80, ambaye huwa hasemi mikutanoni. Alibaki amekaa. Akasema bibi yake mzaa baba aliletwa Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana, na hakuletwa kwa hiari. Akasema: "Huku watu walipita chini ya mzigo na chini ya kamba. Mimi nataka kabla sijafa nipite nikiwa sina haraka na sina kitu kichwani." Ukumbi ukanyamaza.

Nadhani kwa wengi hapo ndipo jambo lilipoamuliwa, ingawa tulibishana saa nzima zaidi.

Kwa kuwa watoto waliuliza, nilieleza kidogo. Njia kuu ya misafara ya kati ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikaishia hapa Ujiji, kiasi cha kilomita 1,200. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo, shanga na nyaya za shaba kurudi bara. Pamoja na pembe walipelekwa watu. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hiyo katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kwa UNESCO, na Ujiji imetajwa humo. Treni ilipofika Kigoma mwaka 1914, ikiufuata mlango wa bandari wenye kina kuliko wetu, biashara ikahamia kule. Msafara wa miguu ukawa hauna kazi tena.

Likaja suala la jina. Mmoja akapendekeza la Livingstone, watalii wavutike. Nilipinga, na napinga mpaka sasa. Livingstone ana makumbusho yake hapa hapa Ujiji na mnara wake, na anastahili. Stanley, aliyekuwa akimtafuta, alipoingia mjini Novemba 1871, baada ya siku 236 tangu Bagamoyo kwa hesabu yake mwenyewe, mtu wa kwanza kutoka kumpokea alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara, aliifikia Ujiji na Wazungu Burton na Speke mwaka 1858, akarudi tena na Stanley, kisha na Cameron, wakati wale waliosafiri naye kila mmoja alikwenda zake na vitabu vyake. Walioikanyaga ardhi hii hadi ikawa barabara ni akina Susi na Bombay, na maelfu wasioandikwa popote.

Limepita: Njia ya Wapagazi. Upana mita 3. Ya waenda kwa miguu, baiskeli, mikokoteni na zile baiskeli za mikono za ndugu zetu wasioweza kutembea. Pikipiki hapana.

Barua za kuomba ruhusa tumepeleka manispaa na TARURA, ambao tangu 2017 ndio wenye dhamana ya barabara za mijini na vijijini.

Jumamosi, 22 Juni

Idd imepita, kazi imeanza. Mapanga, mafyekeo, reki. Mikokoteni 11 ya takataka, nyingi ni mifuko na chupa za plastiki. Akina mama walipika uji wa saa 4. Hakuna aliyeumia isipokuwa mguu mmoja uliochomwa na miiba.

Jumamosi, 6 Julai

Siku hii naiandika yote.

Tulikuwa tunasafisha mtaro wa zamani upande wa kushoto, mita ya 455, karibu na ule mwembe mkubwa. Binti wa kidato cha pili aliyekuwa anachekecha udongo kwa mikono, kwa sababu amezoea kutafuta karanga shambani baada ya mavuno, akaniita: "Shangazi, hiki ni nini?" Kiganjani mwake palikuwa na kitu kidogo cheupe, kirefu kama punje ya mchele mnene, tundu limepenya katikati. Tulikisafisha kwa mate na upindo wa khanga. Kwenye ncha moja palikuwa pamemeguka, na pale palipomeguka ndani palionekana kama sukari guru iliyokauka. Ilikuwa shanga ya kioo.

Tulisimamisha kazi sehemu ile. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863, na majengo yaliyojengwa kabla ya 1886, na ukiokota kitu cha namna hiyo huruhusiwi kwenda nacho nyumbani. Kijana mmoja aliona tunajichelewesha kwa kipande cha shanga. Nikamwambia, na nilimaanisha, kwamba kipande kile ndicho kitu pekee tulichonacho mkononi kilichoshikwa na mtu wa wakati ule. Mawe yalikanyagwa, miembe ilitoa kivuli, lakini hii mtu aliivaa au aliihesabu.

Aliihesabu, maana shanga ndiyo iliyokuwa fedha ya Ujiji. Cameron, Mwingereza aliyefika hapa 1874, ameandika kwamba soko letu lilikuwa na shanga zake lenyewe, zikiitwa sofi, zenye umbo kama vipande vya shina la kiko lililovunjika. Asubuhi soko likifunguliwa walikuwepo watu wenye mifuko iliyojaa sofi; ukija na shanga za aina nyingine wanakubadilishia ndipo ununue. Soko likifungwa, wauzaji huwarudia wale wale kuzibadilisha tena, na wale wakala faida mara mbili. Nilipowaeleza hivyo, vijana wakasema kwa pamoja: "Mawakala!" Ndiyo, kama wale wa pesa za simu wa Mwanga na Gungu, asubuhi wanakupokea na jioni wanakupokea.

Tuliifunga kwenye kitambaa, tukaandika tarehe, mita na kina (sentimeta 38), mimi na binti yule tukaipeleka makumbusho, ambako ndiko kwenye wajuzi wa kuitambua. Alisaini yeye, kwa jina lake kamili. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, na tulipokaribia nyumbani akauliza kama kidato cha sita kina somo la mambo ya kale.

Alhamisi, 11 Julai

Ruhusa ya maandishi imepatikana, kwa sharti kwamba tusijenge chochote cha kudumu mahali ambapo bomba la maji limepita. Mhandisi alikuja mwenyewe kutuonyesha lilipo. Nimelitia alama ya chokaa.

Jumamosi, 13 Julai

Fedha: kila nyumba shilingi 1,000 kwa wiki. Asiyekuwa nayo analeta mawe, ndoo 5. Mama mmoja muuza mawese ametoa galoni nzima ya lita 20, ikapigwa mnada hapo hapo baada ya swala ya alasiri, ikafika bei ambayo sokoni isingefika. Mifuko ya saruji tuliyonayo ni 14.

Jumamosi, 27 Julai

Fundi leo kageuka mwalimu, na nimejifunza zaidi kuliko siku zote zilizotangulia.

Alileta pipe ya maji, ile nyororo inayoonekana ndani, mita 20. Ukiijaza maji na kutoa mapovu yote, maji ya ncha hii na ya ncha ile hukaa usawa mmoja hata kama kati yake pana kilima. Kwa hiyo mtu mmoja anasimama na kigingi juu, mwingine chini, unapima tofauti kwa rula. Tulishuka hivyo hatua kwa hatua hadi matete. Kutoka mita 0 hadi mita ya 400 barabara inashuka sentimeta 5 kwa kila mita moja. Baada ya hapo inalala, sentimeta 2 au pungufu.

Pale pa sentimeta 5 ndipo penye makorongo yote. Fundi alisema maji hayana ubaya yakienda taratibu. Yakikimbia hubeba mchanga, na mchanga ukishabebwa unakuwa msasa wa kula kilichobaki. Basi dawa ni kuyachosha. Ndani ya mtaro tutapanga vizuizi vya mawe, kimo sentimeta 30, katikati pamebonyea kidogo ili maji yapite juu yake bila kuzunguka pembeni. Kipimo chake ni chepesi kukumbuka: kichwa cha kizuizi cha chini kilingane na mguu wa kile cha juu yake. Kwa mteremko wa 5 kwa 100, kimo cha 30 kinaleta nafasi ya mita 6 kati ya kimoja na kingine. Ukiviweka mbali zaidi, maji yanapata nafasi ya kukimbia tena. Nyuma ya kila kizuizi udongo utajikusanya wenyewe, na korongo litajijaza mvua hadi mvua bila sisi kununua kifusi.

Juu ya njia yenyewe ni mgongo: katikati pawe juu ya kingo kwa sentimeta 8, maji yaangukie pande zote mbili. Na kila mita 20 kuwe na mtaro wa kuchepusha, unaoyatoa maji kwenye mtaro mkuu na kuyamwaga taratibu kwenye nyasi. "Ukiyaacha yote yashuke pamoja," alisema, "huku chini yatafika yakiwa mto."

Kwenye kingo tutapanda nyasi ya vetiva, ambayo mizizi yake inashuka wima kwa kina cha mita mbili na zaidi, wala haitambai shambani mwa watu. Mashina tumepewa bure na shule iliyopanda miaka ya nyuma.

Jumamosi, 17 Agosti

Kalavati la zamani limezibuliwa. Kazi ya siku mbili, na watu sita wembamba. Bomba lenyewe ni zima, kilichokufa ni kuta za pande zote mbili. Fundi amezijenga upya kwa mawe na saruji mifuko 5. Tulimwaga mapipa mawili ya maji upande wa juu na watoto wakalala kifudifudi upande wa chini kuyasubiri. Yalipotokea walipiga kelele hadi watu wakadhani kuna nyoka.

Jumamosi, 31 Agosti

Tumegombana juu ya mti.

Mtaro mkuu kama ulivyochorwa unapita hatua mbili tu kutoka shina la mwembe wa mita ya 450. Vijana walishaanza kuchimba, na sururu zikakutana na mzizi mnene kama paja. Mmoja akauliza tuukate. Mzee yule wa mkutano, ambaye sasa huja kila Jumamosi na kiti chake, akasema mkiukata mzizi huo mwembe utakauka upande mmoja na baada ya miaka mitano utaangukia nyumba ya mtu. Wengine wakasema kuusogeza mtaro kunatuongezea siku tatu.

Hapa Ujiji tumekua tukiambiwa kwamba miembe ya njia hii iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na waliokuwa wakipita, wapagazi na watumwa. Ule wa Livingstone wenyewe ulipozeeka walichukua vipandikizi vyake, ndivyo vinavyosimama leo pale makumbusho. Kwa hiyo si mara ya kwanza watu wa mji huu kujisumbua kwa ajili ya mwembe. Nilisema tusogeze mtaro, na kwamba siku zile tatu nitakuja mwenyewe. Nilikuja zote. Viganja vina malengelenge, kalamu naishika kwa shida.

Jumamosi, 14 Septemba

Kifusi kimefika, lori nne. Tatu nzuri, udongo mwekundu wenye changarawe. Ya nne ilikuja na vipande vya chupa na nyaya ndani yake. Dereva alishamwaga na kuondoka kabla hatujaona. Aliyetuuzia anasema hahusiki. Tumekipepeta chote kwa mkono kwa siku moja na nusu, maana watoto wa hapa wengi wanatembea peku.

Vijana wa bodaboda walikuja kusaidia kushindilia, kwa lile gogo lenye mishikio miwili. Tukarudi kwenye lile suala la pikipiki. Nilikuwa nimependekeza nguzo za zege mwanzo na mwisho wa njia, zibane. Mkuu wa kijiwe chao alichukua futi, akapima usukani wa pikipiki yake, kisha akapima mkokoteni wa mawese, kisha ile baiskeli ya mikono ya jirani yetu fundi cherehani. Nguzo itakayozuia pikipiki itazuia vyote viwili. Sikuwa nimeliona hilo. Tumekubaliana hakuna nguzo. Kijiwe chao kitahamia pale mwembe wa kona, mahali pazuri kwa abiria wanaopanda kutoka ziwani, na wao ndio watakaomrudisha mwenzao atakayeingia na chombo. Nimeandika majina yao na wamesaini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha jana usiku. Nilikuwa macho tangu ilipoanza kupiga bati, saa 7. Saa 11 alfajiri nilitoka na tochi.

Mita ya 320 hadi ya 360 imekwenda. Mita 40 za njia, kazi ya wiki tatu, zimelala kwenye mtaro na kwenye shamba la muhogo la mjane mmoja, udongo mwekundu juu ya matuta yake. Nilisimama kwenye ukingo nikausikia ukimeguka, kidogo kidogo, kama mtu anayetafuna.

Naandika sababu kwa sababu ni yangu. Mita zile zina mitaro ya kuchepusha miwili ambayo haikuchimbwa. Mwenye kiwanja ambako maji yangemwagikia alikuwa safarini, fundi akataka tumsubiri, mimi nikasema tuendelee, tutaichimba akirudi. Tena kifusi cha pale kilikuwa cha sentimeta 30, na sheria ya fundi ni kumwaga sentimeta 15, kumwagia maji, kushindilia, ndipo umwage nyingine. Tulimwaga zote mara moja kwa kuwa lori lilikuwa linasubiri. Gogo lilishindilia juu, chini pakabaki pumba. Saini ya kuendelea ni yangu, ipo ukurasa wa 31.

Saa 1 asubuhi nilikwenda kwa mjane. Nilimwamkia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba matuta yake tutayarudisha leo. Alinitazama, akanikaribisha ndani, akaninywesha chai ya rangi. Akasema: "Mwanangu, korongo lile lilikuwa linakula shamba langu kila mwaka na hakuna aliyewahi kuja kuniomba radhi."

Walikuja watu 37 bila kuitwa. Hadi saa 6 matuta yalikuwa yamesimama.

Kitu kimoja lazima nikiandike pia. Vizuizi vyote 52 vya mawe vimeshika. Nyuma ya kila kimoja pana mchanga uliotulia, laini kama unga, una alama za miguu ya kunguru.

Jumamosi, 2 Novemba

Mita 40 zimejengwa upya, safu mbili, kila moja imeshindiliwa. Mwenye kiwanja amerudi. Alitaka maji yamwagike kwenye migomba yake, akatushangaa tulivyokuwa tukimwogopa. Mitaro yote miwili imechimbwa. Mvua tatu zimenyesha tangu hapo.

Jumapili, 1 Desemba

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Jumatano iliyopita, 27 Novemba. Nimekabidhi kwa mwenyekiti aliyechaguliwa nakala ya barua, ramani na hesabu. Kazi inaendelea.

Jumamosi, 7 Desemba

Mita 110 za mwisho hatuzimalizi mwaka huu. Ziwa limepanda, na mahali tulipopima Juni tukiwa tumekunja suruali sasa pana matope hadi magotini. Wazee hawakushangaa. Ziwa hili lina tabia hiyo. Enzi za Livingstone maji yalikuwa juu zaidi ya haya, kwa kuwa mdomo wa mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na udongo na matete. Cameron aliuona hivyo 1874. Miaka michache baadaye ukafumuka, na ziwa likashuka takriban mita 10 kwa miaka iliyofuata. Ndiyo maana ukisimama leo kwenye mnara wa Livingstone unajiuliza maji yako wapi.

Kuna waliotaka tujaze kifusi tusonge mbele. Kamati imekataa, na safari hii sikuhitaji kushawishiwa. Njia itaishia mita ya 800, chini ya mwembe wa mwisho, hadi ziwa lenyewe litakaposema.

Jumamosi, 21 Desemba

Maembe yameiva, na njia imejaa watoto na mawe ya kurushia.

Saa 2 asubuhi nilikwenda kumchukua mama. Alikuwa ameshavaa, khanga mpya, viatu vya kufunga. Sikumshika mkono kwa kuwa hakunipa. Tulianza kwenye mwembe wa kona, vijana wa kijiwe walisimama wote: "Shikamoo bibi." Mita ya 340 alisimama mwenyewe, akatazama mtaroni kwa muda. Mchanga umefika nusu ya kina cha lile korongo, na juu yake vetiva imeota vidole vitatu. Hakusema kitu. Aligusa jiwe moja la kizuizi kwa ncha ya kiatu, kama mtu anayejaribu kama chungu kimepoa, kisha akaendelea.

Tulipishana na mikokoteni miwili ya mawese, mwanamke na ndoo ya migebuka kichwani, na fundi cherehani kwenye baiskeli yake ya mikono, anapanda kutoka ziwani mwenyewe, bila mtu wa kumsukuma. Mgongo wa njia unamvuta kidogo upande, amesema, lakini anauweza.

Chini ya mwembe wa mita ya 450 mama alitaka kukaa. Pa kukaa hapakuwepo isipokuwa kile kiti cha yule mzee, naye hakuwa amefika bado. Tulipima, tukachimba, tukashindilia, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mtu wa miaka 74 katikati ya njia hupumzika. Alisimama akiegemea shina, kiganja kwenye gamba, akaniuliza: "Hapa wale wapagazi walikuwa wanakaa wapi?"

Nilimpigia simu fundi tukiwa pale pale. Jumamosi ijayo, 28 Desemba, saa 12 asubuhi: mawe bapa 6, saruji mfuko mmoja uliobaki, kiti cha watu wanne, upande wa mashariki wa shina ambako hakuna mzizi. Kimo sentimeta 45. Mama amekipima kwa goti lake.